Zinki Iliyobaki Nzima

Mguu wa mashine ya boti ulilazwa juu ya meza, kwenye karakana ya uani mjini Tanga, na kwa mbali ulionekana kama umetoka dukani jana. Rangi yake nyeusi ilikuwa bado inang'aa. Ukisogea ndipo unayaona malengelenge, mengine madogo kama punje ya mtama, mengine mapana kama sarafu. Fundi alichomeka ncha ya bisibisi kwenye lengelenge moja lililokuwa jirani na bolti. Rangi ikapasuka, ukamwagika unga mweupe mkavu, na chini yake pakabaki shimo la kumeza nusu ya ukucha.

Kisha akaugeuza mguu, akagonga kwa kidole kipande cha zinki kilichofungwa juu ya propela. "Mzee, hii zinki mbona imepakwa rangi?"

Nahodha mwenye mashine akamjibu bila wasiwasi: "Si ndiyo maana imedumu, mwanangu? Mwaka wa pili huu, haijapungua hata kidogo."

Chanzo cha maradhi yote kilikuwa ndani ya jibu hilo, na ndicho kilichonifanya nikae karakanani pale hadi kazi ikaisha.

Watu husema alumini haishiki kutu. Kwa sufuria ya jikoni msemo huo unatosha. Alumini ikiguswa na hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara elfu kumi, na utando huo huizuia hewa isiendelee kula. Ukiukwaruza hujiziba wenyewe. Lakini chumvi ya bahari huutoboa sehemu sehemu, na palipotoboka pakikosa hewa, kama chini ya kichwa cha bolti au chini ya rangi iliyobambuka, utando haujengeki tena. Shimo huchimbika kwenda chini huku juu pakionekana pazima. Ule unga mweupe ni alumini iliyokwisha kuliwa, na kwa kuwa unachukua nafasi kubwa kuliko metali uliyotokana nayo, huisukuma rangi ikavimba.

Hapo sijataja bado jirani. Bolti za mguu ule ni za stenlesi, na ndani ya maji ya bahari alumini na stenlesi zikigusana huwa betri. Tofauti yao hupita nusu volti, na anayelipa ni alumini. Zinki huwekwa ili ilipe badala yake, kwa sababu yenyewe hujitoa kwa urahisi zaidi, ikiizidi alumini kwa takriban robo volti. Ujuzi huu ni wa zamani: mwaka 1824 Humphry Davy alionyesha huko Uingereza kwamba mabati ya shaba yaliyofunika matumbo ya merikebu za kivita huacha kuliwa yakifungiwa vipande vya zinki au chuma. Zinki hufanya kazi kwa kuisha. Ikibaki nzima miaka miwili baharini, ujue kuna kingine kinachoisha, na kwa nahodha wetu kilikuwa mguu wenyewe. Aliyeipaka rangi hapo awali alitaka ipendeze. Rangi ikaitenga na maji, ikawa pambo tu.

Fundi hakukimbilia msasa. Aliuosha mguu kwa maji baridi ya bomba, akauacha ndani ya pipa usiku kucha, asubuhi akabadilisha maji. Naisifu sana hatua hii, maana mafundi wengi huiruka. Ukisugua chumvi ikiwa bado mashimoni unaishindilia ndani, na rangi mpya itavimba kabla ya msimu kwisha.

Bolti mbili zilikuwa zimeganda kwa ule unga. Badala ya kuzilazimisha zikakatika, alipasha moto alumini iliyozizunguka, taratibu, kwa mtungi mdogo wa gesi. Alumini hutanuka kwa joto kuliko stenlesi, hivyo tundu likalegea. Alizungusha robo mbele, robo nyuma, akatia mafuta, akarudia. Ilimchukua saa nzima, na bolti zote mbili zilitoka salama.

Kusafisha alitumia msasa na brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma aliikataa, kwa kuwa huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kila chembe ni jirani mbaya mwingine. Soda kali ya kuzibulia mabomba hakutaka hata kuisikia: huila alumini yenyewe huku ikitoa gesi ya hidrojeni inayowaka. Aliyeyusha unga uliobaki mashimoni kwa asidi ya fosforiki iliyozimuliwa, akasuuza sana, akakausha. Siku hiyohiyo, kabla hewa ya pwani haijarudisha chumvi, akapaka praima ya epoksi, akajaza mashimo kwa lipu ya epoksi, halafu rangi. Nahodha alikuwa amekuja na kopo la rangi ya shaba, ile ya kuzuia magamba ya bahari. Likarudishwa. Shaba juu ya alumini ni kuuanza ugonjwa upya.

Zinki mpya haikupakwa chochote. Fundi alikwangua rangi hadi alumini ikang'aa pale inapokalia, akaifunga, kisha akaweka waya mmoja wa kipima umeme kwenye zinki na mwingine kwenye mwili wa mashine. Ukinzani ulisoma karibu na sifuri. Bila kugusana huko, zinki mpya ni sawa na ile iliyopakwa.

Ninatofautiana naye kwenye jambo moja. Bolti alizirudisha na grisi ya kawaida peke yake. Mimi ningeweka washa za plastiki chini ya vichwa na kupaka nyuzi dawa maalumu ya kutenganisha metali, kwa sababu grisi huoshwa na maji na alumini hubaki tena uso kwa uso na stenlesi.

Na wanaopeleka mashine zao Ziwa Victoria au Tanganyika wasichukue zinki ya baharini. Kwenye maji baridi hujifunika utando ikalala. Huko hutumika magnesi.

Wewe mwenye mashine, ukirudi bandarini leo, iendeshe kwa maji baridi ya bomba dakika 10 au 15 chumvi itoke ndani, kisha inua mguu uitazame zinki. Ikiwa imeliwa nusu, nunua nyingine. Ikiwa ina rangi, ikwangue leo hii.