Zawadi Tumboni mwa Ndege

Desemba iliyopita mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Uingereza na sanduku la vipande vya plastiki, akaigeuza meza yetu ya chakula kuwa karakana ya gundi na rangi. Mkesha wa Krismasi akaniletea kazi yake niisahihishe, maana mwalimu hata akistaafu hapumzishwi. Ilikuwa ndege ya B-29, kwa kipimo cha 1 kwa 72, nyekundu tupu, yenye pembe za kulungu puani, na Baba Krismasi ameketi nyuma ya kioo mahali pa rubani.

Nianze na sifa. Mabawa ni sentimita 60 toka ncha hadi ncha, kama ipasavyo kwa ndege ya mita 43, tena yamenyooka. Maungio yamesuguliwa hata kidole hakiyahisi. Pembe zile zingewekwa juu ya kazi ya ovyo, nisingecheka. Kasoro ni Baba Krismasi mwenyewe: angesimama angefika sentimita 4, yaani jitu la karibu mita 3. Mzaha nao una vipimo vyake.

Lakini kilichoninyima usingizi ni vifurushi viwili vya utepe vilivyoning'inia kwenye milango ya tumbo, mahali pa mabomu. Nilimwuliza kama anajua ndege za aina hii zilibeba nini. Hakujua. Nikamweleza Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945. Bibi yake alinilaumu: mtoto wa miaka 12, na usiku kama ule! Pengine alikuwa na haki.

Asubuhi nilimwongezea habari ya pili. Krismasi ya 1952, ndege ya aina hiyohiyo, iliyokuwa ikichunguza hali ya hewa kutoka Guam, ilipita juu ya kisiwa cha Kapingamarangi. Watu wakaipungia mikono. Waliokuwa ndani wakakusanya walichokuwa nacho, wakakifunga kwenye mwavuli, wakakidondosha. Desturi hiyo ingalipo, ingawa kwa ndege nyingine. Sikumwambia kwamba hilo linafuta lile la kwanza, halifuti.

Nilimwonyesha tu kasoro ya vifurushi vyake: havina miavuli. Anayefunga mwavuli amemfikiria aliye chini.

Akaenda kimya. Jioni ndege ilirudi mezani na miavuli miwili, iliyokatwa kutoka leso yangu ya kanisani. Baba Krismasi alikataa kabisa kumpunguza.