Skrubu Husifiwa, Damu Hufanya Kazi

Mtu wa bodaboda akiteleza kwenye barabara ya Machakos kwenda Wote, mkono hutangulia. Kiganja hufunguka, kifundo hukunjika kwa nyuma, na uzito wa mwili pamoja na mwendo wa pikipiki hupitia mahali pamoja chini ya dole gumba. Hapo pana mfupa mdogo, urefu wake karibu sentimita mbili na nusu, ambao madaktari huuita skafoidi. Ni mmoja kati ya mifupa minane inayounda kifundo cha mkono. Ukivunjika na usitulizwe vizuri, unaweza kukaa miaka bila kuunga, huku mwenyewe akiendelea kulima, kupakia mchanga na kuendesha pikipiki akiamini kwamba aliteguka tu.

Wanaorekebishwa mfupa huo baadaye husimulia skrubu. Ni ya titani, iliagizwa kutoka wapi, iligharimu pesa ngapi. Na picha ya eksirei inayoionyesha ikiwa ndani ya mfupa huzunguka kwenye simu za jamaa wote. Mimi naona sifa hizo zimekwenda pasipo pake. Skrubu ni sehemu rahisi ya kazi hii. Kazi ngumu ni kuirudisha damu pale ilipokatika, kisha kuilinda kwa miezi kadhaa dhidi ya mwenye mkono mwenyewe.

Zaidi ya robo tatu ya uso wa skafoidi imefunikwa na gegedu, kwa kuwa inasuguana na mifupa mingine karibu kila upande, kwa hiyo nafasi ya mishipa kuingilia ni finyu. Ateri ya upande wa dole gumba, ile ile anayoigusa muuguzi akihesabu mapigo, hutoa vijitawi vinavyoingia mgongoni mwa mfupa sehemu iliyo karibu na vidole. Kutoka hapo damu hurudi kinyumenyume kuelekea ncha iliyo upande wa kiwiko. Mwaka 1980 watafiti Gelberman na Menon walichora ramani ya mishipa hiyo na kuonyesha kwamba asilimia 70 hadi 80 ya damu ya ndani ya mfupa, pamoja na ile yote ya ncha hiyo ya nyuma, hutegemea njia hiyo moja. Ufa ukipita katikati, kipande cha nyuma huwa kama shamba la mwisho kwenye mfereji wa Yatta siku ukingo unapobomoka huko juu.

Kuna jambo la pili pia. Mfupa wa paja ukivunjika, mwili huuzungushia donge la mfupa mpya kwa nje, nalo hushikilia vipande hadi vikomae. Skafoidi imo ndani ya kiungo, imeloa maji ya kiungo, na haijengi donge la maana. Ufa wake lazima uzibwe kutoka ndani, uso kwa uso. Vipande vikichezacheza hata kidogo, pengo hujaa nyama ngumu badala ya mfupa.

Kwa hiyo mengi huamuliwa katika majuma mawili ya kwanza, na mara nyingi huamuliwa vibaya. Picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza kutoka safi ilhali ufa upo. Tabibu anayeijua kazi yake haridhiki na picha. Humwambia mgonjwa ainue dole gumba. Kano hujitokeza pande mbili na kati yake hubaki kishimo, pale mvuta ugoro anapomwagia tumbaku yake. Hubonyeza humo. Mgonjwa akishtuka kwa maumivu, mkono hutulizwa kwa plasta hata kama picha haina kitu, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, au skani ya MRI hufanywa mapema palipo na uwezo. Njia nyingine, iliyozoeleka zaidi, ni bendeji ya kuvuta, vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, kukandwa kwa maji moto na kuchuliwa na mzee anayesifika. Kuchua huko, kwa mkono uliopasuka skafoidi, ni kuvichezesha vile vipande ambavyo dawa yao ni kutulia.

Hata aliyewekwa plasta hajavuka. Ufa wa katikati huhitaji kwa kawaida wiki 8 hadi 12. Wa ncha ya nyuma huhitaji zaidi. Plasta yenyewe ni kitu cha kale, haijabadilika sana tangu Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alipopaka bendeji unga wa jasi mwanzoni mwa miaka ya 1850. Tatizo ni kwamba maumivu huisha mapema kuliko mfupa unavyounga. Wiki ya tano ngozi inawasha, joto la Oktoba linachoma, shamba linangoja mvua za Novemba, na kisu cha jikoni humaliza kilichobaki.

Basi mfupa haujaunga, miezi sita imepita. Je, ni lazima upasuliwe, ikiwa hauumi sana? Mtafiti Mack na wenzake walilijibu swali hili mwaka 1984 kwa kupanga picha za mikono ambayo skafoidi zake hazikuunga kulingana na umri wa jeraha. Waliokuwa na mabadiliko ndani ya skafoidi peke yake walikuwa na wastani wa miaka 8 tangu kuumia. Waliokwishaanza kulika kiungo kati ya skafoidi na mfupa mkubwa wa mkono walikuwa na wastani wa miaka 17. Wale ambao kifundo chote kilikuwa kimelika walikuwa na miaka kama 32. Mfupa huo hudai deni lake polepole. Kijana wa miaka 22 atalipa akiwa na 40, umri ambao ana watoto shuleni na mkono ndio mtaji wake.

Tuingie chumba cha upasuaji, ila tupitie kwanza kwenye skani. Daktari makini hataki picha ya eksirei pekee. Anataka skani ya CT iliyokatwa kwa kufuata urefu wa skafoidi, kwa sababu mfupa usiounga hujikunja. Vipande huinama kuelekea kiganjani, mgongo unatoa kibyongo, mfupa unafupika, na mifupa jirani huhama ili kuziba nafasi. Ukiukaza kwa skrubu ukiwa na kibyongo hicho, utaunga ukiwa umepinda, na mkono hautakunjika kwa nyuma kama zamani. Ndiyo maana kifundo cha mkono wa pili, ulio mzima, nacho hupigwa picha, kiwe kipimo cha urefu unaotakiwa kurudishwa.

Kwa ufa wa katikati, mkato hufanywa upande wa kiganja, sambamba na kano inayokunja kifundo. Sababu inarudi pale pale kwenye damu: mishipa muhimu huingilia mgongoni, basi mpasuaji hupitia mbele asiiguse. Mkono umefungwa mpira wa hewa juu ya kiwiko, damu imezuiwa, kila kitu ni cheupe. Pengo likifunguliwa huonekana ile nyama ngumu ya kijivujivu iliyokaa mahali pa mfupa. Hukwanguliwa yote. Kingo za mfupa uliokufa, ngumu na zinazong'aa kama pembe, nazo huchongwa hadi mfupa wenye uhai utokee.

Kisha mpira wa hewa hulegezwa na kila mtu hutazama kipande cha nyuma. Kikitoa vitone vidogo vyekundu, kinaishi. Kikibaki kikavu, hesabu nzima inabadilika. Vitone hivyo vinaweza kuamua matokeo kuliko aina yoyote ya skrubu iliyonunuliwa.

Pengo lililobaki baada ya kukwangua hujazwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Hermann Matti wa Uswisi alifanya hivyo mwaka 1937 akipitia nyuma ya mkono. Mwaka 1960 Otto Russe wa Austria akaeleza njia ya mbele, iliyoacha mishipa salama zaidi, akitumia mfupa laini kutoka ukingo wa nyonga. Diego Fernandez aliongeza mwaka 1984 kipande kilichokatwa umbo la kabari, kilichopimwa kwenye picha kabla ya siku yenyewe. Kabari hiyo huingizwa upande wa kiganja na kukiinua kibyongo. Wagonjwa wengi husema nyonga iliwauma kuliko mkono, na wana haki, kwani jeraha la nyonga huguswa kila hatua.

Skrubu huja sasa, mwisho. Mwaka huo huo wa 1984 Timothy Herbert wa Sydney, pamoja na Fisher, alitoa maelezo ya skrubu isiyo na kichwa, yenye nyuzi pande zote mbili na katikati laini. Nyuzi za mbele zina nafasi pana kuliko za nyuma, kwa hiyo kila ikizungushwa, kipande cha mbele huvutwa kwa kasi kuliko cha nyuma na vyote viwili hubanana. Kwa kuwa haina kichwa, huzama chini ya gegedu isikwaruze kiungo. Ni ubunifu wa kupendeza. Hata hivyo, kuubana mfupa mfu juu ya mfupa mfu hakuleti uhai, na skrubu isiyopata mfupa wa kuishika hulegea yenyewe.

Kipande cha nyuma kikikosa vitone, kuna njia aliyoieleza Zaidemberg wa Argentina mwaka 1991: kuhamisha kijipande kutoka mwisho wa mfupa mkubwa wa mkono kikiwa bado kimeshikamana na mshipa wake. Ni kazi ya mtu aliyezoea, na kwa wakazi wengi wa Machakos maana yake ni rufaa ya Nairobi.

Gharama nitazigusa kwa ufupi. Nchini Kenya, bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na anayepanga upasuaji kama huu anapaswa kuuliza mapema kama skrubu na skani zimo ndani ya kifurushi au atazinunua mwenyewe. Ningelazimika kuchagua pa kubana pesa, nisingebana kwenye skani ya mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Ndiyo inayoonyesha kama mfupa umevuka pengo. Eksirei peke yake, yenye skrubu inayong'aa katikati, hudanganya kwa urahisi. Sigara nayo ni gharama: hubana mishipa midogo, na wavutaji huunga kwa shida zaidi hata wakipasuliwa na mikono stadi.

Baada ya upasuaji huwekwa plasta tena, mara nyingi wiki 6 hadi 8. Tazama ukingo wake wa mbele. Ukivuka mstari wa kiganja pale vidole vinapoanza kukunjika, irudishwe ikatwe, kwa maana vidole vilivyozuiwa hukauka, na kukauka huko husumbua kuliko ufa wenyewe. Vidole vikunjwe ngumi kamili na kufunguliwa kuanzia siku ya kwanza. Hapa kuna uchunguzi mzuri wa pembeni kwa aliyevunjika pia mfupa wa kiganja au kidole: akikunja kidole kimojamoja, kila kimoja huelekea kwenye skafoidi. Kinachopita juu ya jirani yake kimeunga kikiwa kimezunguka, na hilo ni tatizo jingine, la mfupa ulioungana vibaya, linalotengenezwa kwa kuukata tena na kuuzungusha mahali pake.

Plasta ikitoka, mtaalamu wa fiziotherapia huanza na mwendo usio wa kawaida: kifundo kinakwenda kutoka nyuma upande wa dole gumba hadi mbele upande wa kidole cha mwisho, kwa mshazari. Katika mwendo huo skafoidi hutembea kidogo sana, kazi kubwa hufanywa na safu ya pili ya mifupa. Ndio mwendo wa kurusha kimkuki, na ndio wa kupiga nyundo. Aliyewahi kukaa na wachongaji wa Wamunyu ataukumbuka, maana tezo hupanda na kushuka kwa njia hiyo hiyo. Lakini tezo huongeza kishindo, na kishindo hicho hakiruhusiwi hadi skani iseme mfupa umeziba. Kabla ya hapo mkono hupewa chupa ya nusu lita yenye maji, ambayo ni kama nusu kilo, kisha ya lita nzima, mwendo ukiwa wa polepole na bila kugonga chochote.

Aliyechelewa sana, ambaye kiungo chake kimekwisha kulika, hafaidiki na kabari wala skrubu. Kwake skafoidi hutolewa na mifupa mingine minne kuunganishwa pamoja, au safu yote ya kwanza ya mifupa huondolewa. Anapata mkono usiouma sana, wenye nusu ya mwendo wake wa zamani au zaidi kidogo.

Mchongaji aliyewahi hurudi kazini kwa ngazi. Huanza na msasa na kisu kidogo, kisha tezo jepesi kwenye jakaranda, mti ulio laini, akipumzika kifundo kikivimba. Muhugu na mpingo husubiri hadi nguvu ya kushika ya mkono ule ikaribie ya mwenzake, na hilo hupimwa kliniki kwa kifaa cha kubana, halikisiwi kwa kusalimiana.