Neno "La" Katika Vitabu vya Katuni



Nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda wote huo adabu ya kwanza niliyowafunza ni kusikiliza mkubwa anaposema. Siku moja mwaka jana, mtoto wa miaka kumi na miwili alisimama mbele yangu, wenziwe wote wakitazama, akaniambia "La".

Kisa chenyewe ni hiki. Zilipotea fedha za ada zilizokuwa juu ya meza yangu. Mimi kwa ghadhabu nikahukumu kwamba darasa zima, wakubwa kwa wadogo, halitoki mpaka mwizi ajitokeze. Ndipo yule mtoto akasema, "La, maalim, samahani, hii si haki. Hawa wadogo jana hawakuja kabisa. Waache waende zao, mimi nitabaki." Nilimkaripia, nikamwuliza ni nani anayemfunza kujibizana na wakubwa zake. Nikaupekua mfuko wake, nikakuta humo kitabu cha katuni alicholetewa na ami yake kutoka ng'ambo. Nikasema, "Kumbe huyu ndiye mwalimu wako!" Nikakitwaa.

Siku ya pili fedha zilionekana. Zilikuwa ndani ya daftari la mahudhurio, na aliyeziweka humo ni mimi mwenyewe. Basi nikabaki na vitu viwili: aibu na kitabu. Aibu nitaieleza mwisho. Kitabu nilikisoma, kisha nikatafuta na vyengine, na binti yangu anayesomesha Kiingereza akanisaidia pale lugha iliponishinda. Haya ninayokuandikia leo ndiyo niliyoyaona humo.

Lugha yetu inajua kutenganisha mambo. Kuna mkaidi, kuna muasi, na kuna mtu mwenye msimamo. Wazee waliosema "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi" ndio hao hao waliosema "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni". Kwa hiyo kila mtu anapokataa, yatupasa tumpime kwa mambo matatu: anamkataa nani, anakataa kwa ajili ya nani, na je, kukataa kwake kunamgharimu nini? Kwa mizani hiyo nimewapima mashujaa hawa wa ajabu wanaoruka angani na kuvunja kuta.

Asili yao ni Marekani. Jarida la Action Comics la Juni 1938 ndilo lililomtoa Superman, aliyebuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland: Jerry Siegel aliyetunga, na Joe Shuster aliyechora. Wote wawili ni watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, na haki za shujaa wao waliziuza kwa dola 130 tu. Katika kisa hicho cha kwanza, mwanamke asiye na hatia anakaribia kuuawa kwa hukumu ya mahakama. Superman anakwenda usiku nyumbani kwa gavana wa jimbo, anavunja mlango wa chuma, na kumpa maandishi ambayo muuaji wa kweli amekiri kosa lake. Mwanamke anaokoka.

Hapa sharti tuseme kweli. Anayemkataa ni dola, na anayemtetea ni aliyedhulumiwa. Tena hakwenda kwa gavana na nguvu peke yake, bali alikwenda na ushahidi mkononi. Lakini katika jambo la tatu mizani haina kitu. Anapigwa risasi na haimwingii. Mtu asiyeweza kuumia akisimama mbele ya bunduki, huo si ushujaa, ni sawa na mimi kusimama mbele ya manyunyu ya mvua hali nina mwavuli. Na hii ndiyo kasoro kubwa ya aina hii ya vitabu: humwonyesha mtoto mtu anayesema "La" kwa sababu hakuna awezaye kumfanya kitu.

Baada yake alikuja Captain America. Toleo lake la kwanza liliingia madukani Disemba 1940, na juu ya jalada lake anampiga Hitler ngumi ya uso. Mwenye kutazama haraka ataona ngumi tu. Lakini zingatia tarehe, msomaji. Marekani iliingia vitani Disemba 1941, mwaka mzima baadaye, na katika miji yake walikuwamo watu waliomuunga mkono Hitler waziwazi. Joe Simon na Jack Kirby, waliombuni shujaa huyo, nao ni Mayahudi, walipata vitisho. Simon alisimulia kwamba meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliwapigia simu kuwaahidi ulinzi. Basi aliye shujaa hapo ni nani? Yule wa karatasi hakuhatarisha chochote. Waliohatarisha nafsi zao ni wale wawili walioshika kalamu.

Sasa nije kwenye kitabu nilichomnyang'anya yule mtoto, kilichokusanya visa vya zamani vya Spider-Man. Kimoja ni cha toleo la 33 la mwaka 1966, lililotungwa na Stan Lee na Steve Ditko. Spider-Man, ambaye jina lake la nyumbani ni Peter Parker, ni kijana yatima aliyelelewa na ami yake na mke wa ami yake. Ami ameuawa na mwizi ambaye Peter mwenyewe aliwahi kumwacha akimbie, akisema hayamhusu. Sasa mama mlezi ni mgonjwa mahututi. Dawa yake iko sakafuni, hatua chache mbele ya macho ya kijana, naye amelaliwa na rundo la mitambo ya chuma, na maji yanaanza kuingia. Hakuna adui wa kumpiga. Anasukuma, anashindwa, anakata tamaa, anawakumbuka walezi wake wawili, anasukuma tena. Mchoraji anazikuza picha kidogo kidogo kadiri mzigo unavyonyanyuka, mpaka ukafungua ukurasa ukakuta picha moja imejaa ukurasa mzima: kijana amesimama, na chuma chote kimemwondokea.

Nilikisoma kisa hicho mara tatu, wala sioni haya kukwambia. Anachokikataa kijana huyu ni uzito ulio juu ya mgongo wake na kukata tamaa kulikomo moyoni mwake. Anakataa kwa ajili ya aliyemlea. Nayo inamgharimu, kwani nguvu zake zimekwisha na mwili unamuuma. Mizani yote mitatu imejaa. Nikajiuliza, je, kisa hiki ndicho kilichomfunza mtoto utovu wa adabu?

Kuna watu wa kule kwao waliojibu ndiyo. Mwaka 1954 daktari mmoja wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu akidai kwamba katuni zinawaharibu watoto, na bunge likaitisha kikao cha kulichunguza jambo hilo. Wenye kuchapisha, kwa khofu, wakajiwekea kanuni zao wenyewe. Moja katika hizo ilikataza kuwaonyesha askari polisi, mahakimu na maofisa wa serikali kwa namna ya kuwavunjia heshima. Sikiliza matokeo yake, msomaji. Mwaka 1971 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilimwomba Stan Lee aandike kisa cha kuwaonya vijana na madawa ya kulevya. Akakiandika, Spider-Man akiwa ndani yake. Walinzi wa kanuni wakakinyima muhuri wao, kwa kuwa kanuni haikuruhusu madawa kutajwa hata kwa kuyalaani. Wenye jarida wakakichapisha bila ya muhuri katika matoleo matatu, na mwaka huo huo kanuni ikarekebishwa. Marufuku iliyowekwa ili kuwalinda watoto ilikuwa imegeuka kuwazuilia onyo.

Lakini ukurasa ulionishika zaidi ya zote hauna mtu wa kuruka wala wa kunyanyua chuma. Ni wa mwaka 1970, katika toleo la 76 la Green Lantern, lililoandikwa na Denny O'Neil na kuchorwa na Neal Adams. Green Lantern ni shujaa mwenye pete ya ajabu, mlinzi wa sayari nyingi. Siku hiyo anamwokoa tajiri aliyezongwa na watu mtaani, akidhani ametenda jema. Kumbe tajiri yule ni mwenye nyumba mbovu anayetaka kuwatoa wapangaji wake mafukara. Ndipo anapotokea mzee mmoja mweusi, aliyechakaa, hata jina hakupewa. Anamwuliza shujaa yule: umewatumikia viumbe wa rangi za kila namna katika sayari za mbali, mbona sisi weusi wa hapa hujatufanyia kitu? Na yule mwenye pete iwezayo kuhamisha majabali anainamisha kichwa, anakiri kwamba hana jawabu.

Tazama, ndugu yangu. Mzee hana nguvu. Hakutukana, hakuinua mkono. Amesema neno la haki mbele ya mtu anayeweza kumfuta kwa kidole. Na uzuri wa pili ni kwamba mwenye nguvu amesikia. Kukataa kwa haki hukamilika kwa watu wawili: mmoja athubutu kusema, na mwengine athubutu kuinamisha kichwa.

Kuna na fadhila nyengine, nayo ni kujua pa kukomea. Kati ya 2006 na 2007 kilitoka kisa kirefu kiitwacho Civil War, cha Mark Millar na Steve McNiven. Serikali inawataka mashujaa wote wajiandikishe kwa majina yao ya kweli. Captain America anakataa, anaingia mafichoni, na vita vinazuka baina ya marafiki. Mwisho wake anakaribia kushinda, ndipo watu wa kawaida, wazimamoto na wauguzi, wanamrukia na kumzuia. Anageuka kutazama, anauona mji ulivyoharibika. Anaangusha ngao yake, anavua kifuniko cha uso, anajisalimisha. Alianza kukataa kwa ajili ya watu. Alipoona kwamba watu hao ndio wanaoumia, aliacha, na kuacha kule kulihitaji moyo kuliko kupigana.

Nisije nikakudanganya kwamba vitabu hivi vyote ni vya namna hii. Kwa ukurasa mmoja wa haya niliyoyataja, zipo nyingi ambazo ugomvi unaamuliwa kwa ngumi na haki inakwenda kwa aliyepiga zaidi. Tena biashara huharibu maana. Mwaka 1974, Marekani ikiwa katika fedheha ya Watergate, Captain America aligundua uovu umefika mpaka ndani ya Ikulu, akaliacha jina lake na sare yake. Jambo zito! Lakini hata mwaka haukutimia, mapema 1975 akawa ameirudia sare ile ile. Shujaa wa dukani sharti arudi, kwani jarida lina wanunuzi wanaolingoja. Mwanadamu akisema "La" akapoteza kazi au rafiki, hakuna toleo la mwezi ujao la kumrudishia.

Namaliza kwa kitabu ambacho kinatugusa sisi khasa. Mwaka 2014 ilianza Ms. Marvel, iliyotungwa na G. Willow Wilson, mwanamke wa Kimarekani aliyesilimu, kwa kushirikiana na mhariri Sana Amanat na mchoraji Adrian Alphona. Shujaa wake ni Kamala Khan, binti wa Kiislamu wa Jersey City ambaye wazazi wake wametoka Pakistani. Katika toleo la kwanza anamwomba baba yake ruhusa ya kwenda karamuni usiku, anakataliwa, anatoroka kwa dirishani. Huko anapewa kinywaji kilichotiwa ulevi bila ya kuambiwa, alipokionja akakitema. "La" aliyomwambia baba yake ilikuwa ukaidi. "La" aliyoionyesha pale karamuni ilikuwa msimamo, na hiyo ya pili aliipata katika nyumba ile ile aliyoitoroka.

Baadaye wazazi wanampeleka kwa sheikh wa msikiti, naye anakwenda akingoja kukaripiwa. Siri yake hawezi kuisema yote. Anasema tu kwamba anawasaidia watu. Sheikh yule hamkaripii. Anamwambia kwamba ikiwa ataendelea na jambo hilo asiloweza kulieleza, basi alifanye kwa ujasiri, ukweli, huruma na kujiheshimu, na atafute mwalimu wa kumwongoza.

Hapo, msomaji, nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimemwona mwalimu aliyechorwa kwa wino akifanya nililoshindwa kulifanya mimi niliye hai. Mwanafunzi wangu alimkataa mwenye amri, kwa ajili ya wadogo wasio na kosa, na gharama akaibeba mwenyewe aliposema, "Mimi nitabaki." Hata "samahani" hakuisahau. Mkaidi siku ile alikuwa mimi.

Nilimrudishia kitabu chake mbele ya darasa lile lile, nikamtaka radhi, nikawaeleza wote zilikoonekana fedha. Alikipokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Maalim, umekisoma?" Nikamwambia nimekisoma.

Nakusihi, mzazi mwenzangu: ukimkuta mwanao na kitabu cha namna hii, usikichane, wala usimwachie peke yake. Kaa naye, mkisome, na kila shujaa anaposema "La" mwulize: anamkataa nani? Kwa ajili ya nani? Anatoa nini? Akizoea kuuliza hivyo, hatadanganywa na ngumi. Nawe ujiweke tayari, kwani iko siku atakusimamia wewe mwenyewe kwa adabu na neno la haki mdomoni. Siku hiyo usiutafute mfuko wake. Kwanza lipekue daftari lako.