Waandishi Sita, Suti Moja

Ndugu msomaji, kabla hujauliza mimi ni nani hata nikosoe kazi ya mchoraji, niseme mapema: sikusomea uchoraji wala uhakiki. Nilimaliza kidato cha nne, usiku naandika riwaya, mchana nauza maharage na mama sokoni hapa Omurushaka. Lakini kazi ninayoikosoa leo nilishiriki kuiharibu mwenyewe, kwa hiyo sidhani kama kuna atakayeninyima haki ya kuisema.

Mambo yalianza hivi. Karibu na njia panda, pale barabara inapogawanyika, hii ikienda Kayanga na ile ikishika njia ya Kyerwa hadi Murongo mpakani na Uganda, kuna duka la vitabu na vifaa vya shule. Mwenye duka ana ukuta mrefu uliochakaa kwa matangazo ya sabuni. Akamwita rafiki yangu, kijana anayeandika mabango ya saluni na kupamba mabodi ya malori, akamwambia: "Nichoree waandishi wetu sita, wanafunzi wakija kununua madaftari wawaone." Rafiki yangu akanifuata sokoni. "Dada mwandishi," akasema, "mkono ninao. Nipe watu."

Nikampa watu. Nilikaa na simu jioni mbili nikamwandikia kikaratasi: Shaaban Robert, Muhammed Said Abdulla, Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi, Adam Shafi na Abdulrazak Gurnah. Kila mmoja na mwaka wa kuzaliwa, vitabu viwili vitatu, na picha yoyote iliyopatikana. Nikajiona nimefanya utafiti. Kumbe nilikuwa nimechemsha.

Baada ya wiki moja akaniletea rasimu kwenye makaratasi. Jamani! Wanaume sita, suti moja. Miwani ileile, kalamu ileile mkononi, nyuma yao kabati lilelile la vitabu. Ukifunika majina chini, humjui nani ni nani. Shaaban Robert umemtambua kwa kofia tu. Muhammed Said Abdulla, masikini, alikuwa anavuta kiko.

Sasa hebu tujiulize: kosa la nani? Mkono wa mchoraji haukuwa na kasoro, mikunjo ya suti ilikuwa bomba kabisa. Kosa lilikuwa kwenye kikaratasi changu. Nilimpa tarehe na sura, naye akachora tarehe na sura. Palipobaki wazi alijaza na kile ambacho sisi sote tunakiwaza tukisikia neno "mwandishi": mheshimiwa aliyekwisha kufanikiwa. Kwa mtazamo wangu picha hiyo ina madhara. Mtoto wa shule akiitazama anajifunza kwamba uandishi ni cheo, na akijitazama mwenyewe kwenye kioo, hana suti, anajiondoa kwenye orodha kabla hajaandika mstari.

Tukakubaliana kuanza upya. Safari hii hatukuanza na picha, tulianza na vitabu vile tulivyoweza kuazima, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akichora kwenye gamba la boksi.

Tukaanza na kiko. Kiko si cha Muhammed Said Abdulla, ni cha Bwana Msa, mpelelezi wake. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960, na tangu hapo Bwana Msa amekuwa maarufu hata akamfunika aliyemtunga. Mwenyewe Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Zanzibar, alikuwa mtu wa kazi za kawaida: mkaguzi wa afya, kisha mwandishi wa habari, kisha mhariri wa Mkulima, gazeti la wakulima. Rafiki yangu alicheka sana. "Yaani aliyetunga mambo ya mzimu na mauaji mchana alikuwa anahariri habari za jembe?" Nikamwambia ndiyo, na huyo ndiye tunayemtaka ukutani. Akafuta kiko. Akachora meza yenye rundo la makaratasi, na kwenye dirisha nyuma yake, kwa mbali, mtu mwingine anayevuta kiko akimchungulia. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi inaweza kupona.

Shaaban Robert tunamwita gwiji mpaka tunasahau kwamba alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafa mwaka 1962, na maisha yake mengi aliyamaliza maofisini, akianzia idara ya forodha. Kusadikika, kitabu kinachowahukumu watawala, kilitoka mwaka 1951, Waingereza wakiwa bado wametukalia. Huyo hafai kuchorwa kama mwenye ofisi. Ni mtu aliyetumikia ofisi za wengine huku ameshika kalamu yenye kazi mbili.

Tena yeye mwenyewe alishatufundisha namna ya kumchora msanii. Mwaka 1958 ulitoka Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji yule wa taarabu. Wakati huo jina la Siti lilikuwa limevuka bahari. Sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Lakini kitabu hakikuishia kwenye sifa. Kinatupeleka Fumba alikozaliwa, kwenye umaskini na biashara ya vyungu. Ukimwona na vyungu vyake ndipo sauti yake inapokushtua. Nilikuwa nimesoma habari hizo zamani, nikazipita kama napita kituo cha basi nisichoshuka.

Kwa Kezilahabi tuligombana kidogo. Rosa Mistika ya mwaka 1971, iliyowahi kuzuiwa mashuleni, inaanzia nyumbani kwao mwandishi, Namagondo, Ukerewe, na kila kitu unakiona: baba mlevi, binti, shule. Lakini chukua Nagona ya mwaka 1990: mtu anatembea katika dunia isiyo na ramani, msomaji naye anapotea pamoja naye. Mchoraji akataka kuchora Ukerewe, mimi nikataka ule upotevu. Mwisho akachora sura mbili katika mraba mmoja, moja safi yenye mistari kamili, ya pili imeanza kufutika. Sikuipenda siku ile. Leo naona alikuwa sahihi kuliko mimi, maana Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, hakubaki mwandishi mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nije kwa Kitereza, aliyenifanya niandike makala haya. Mzee huyu wa Ukerewe alizaliwa mwaka 1896 na alisoma seminari ya Rubya, hapahapa Kagera. Aliandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani, akaimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyeichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla kitabu hakijamfikia mkononi. Piga hesabu mwenyewe: miaka 35.

Nilipomsomea rafiki yangu jinsi Myombekere anavyohangaikia pombe ya ndizi ya kupeleka ukweni ili arudishiwe mke wake, aliweka penseli chini. "Huyu mzee anajua kukamua," akasema. Kwa mtu wa Karagwe hiyo ni sifa kubwa. Hakuuliza tena Kitereza alivaa nini. Alichora mtumbwi wa kukamulia ndizi, mzee ameketi kando, macho chini, magotini ana mzigo wa makaratasi uliofungwa kwa kamba. Kwenye mzigo kuna namba mbili tu: 1945 na 1980.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya ukuta, maana sisi wa Karagwe tumewahi kuchorwa. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika. Rumanyika aliwapokea vizuri. Speke alipoendelea na safari ya Buganda mwaka 1862, Grant alibaki huku akiuguza mguu, na alikuwa mtu wa kuchora. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863 kilikuwa na picha nyingi zilizotokana na michoro ya Grant. Tunashukuru kwa kumbukumbu, lakini Speke huyohuyo ndiye aliyewapima wanawake wanene wa ukoo wa mfalme kwa kipimo kama anapima mzigo, akaandika namba zao kitabuni. Alipata vipimo vya mwili, na majina na maneno ya wale wanawake hatukuyapata. Nilipokumbuka hilo nilikitazama tena kikaratasi changu cha kwanza, chenye miaka, idadi ya vitabu na sura. Nami nilikuwa nimewapima waandishi.

Na kuna aibu nyingine. Mimi ni mwanamke, nimeandika majina sita, na hakuna mwanamke hata mmoja! Aliyegundua ni mama, aliyekuja kutuletea chai. Akauliza, "Wanawake hawajui kuandika?" Nilikaa kimya. Penina Muhando alitoa tamthilia yake Hatia mwaka 1972, na Nguzo Mama mwaka 1982, nami niliwahi kuigiza shuleni nikiwa nimefunga kanga kiunoni. Nilimsahau kwa sababu mchoro uliokuwa kichwani mwangu ulivaa suti kabla ya ule wa mchoraji.

Tukaenda kwa mwenye duka kuomba mraba wa saba. Akakataa, rangi ina bei. Nikapendekeza tumtoe Gurnah, kwa hoja kwamba tangu apewe Nobel mwaka 2021 picha yake imefika kila mahali. "Umwondoe mshindi wa dunia kwenye ukuta wangu?" akasema. "Binti, wewe unataka watoto waone nini, mzee wa pombe?" Akaongeza kwamba Kitereza angalau avalishwe koti, ili wanafunzi wajue uandishi unalipa.

Nataka nimtendee haki mzee huyu, maana hoja yake si ya kijinga. Mama yangu naye huniuliza riwaya itaniletea nini, na sina jibu la kuweka mezani. Lakini tukimvalisha Kitereza koti la mafanikio, tunamnyang'anya kitu pekee alichotuachia zaidi ya kitabu: habari kwamba alimaliza kazi bila kuahidiwa chochote. Kijana anayeandika Omurushaka bila mchapishaji anaihitaji habari hiyo kuliko koti. Nilisema hivyo, kwa adabu, sauti ikitetemeka. Mwenye duka akanyamaza, kisha akasema mchoraji aendelee. Gurnah akabaki, Penina Muhando akaingia, na aliyetoka ni Adam Shafi. Bado inaniuma. Kuli yake ya mwaka 1979, yenye wabeba mizigo wa bandari ya Zanzibar, ingepata wasomaji wengi miongoni mwa vijana wanaopakia kahawa na maharage hapa kwetu.

Sasa ukuta umekamilika, na hukumu yangu ni hii. Kitereza na Abdulla wamefaulu. Kezilahabi anahitaji mtu asimame amtazame, na wengi hawasimami. Shaaban Robert bado amekuwa mzito, mchoraji alimwogopa. Penina Muhando amechorwa jukwaani katikati ya waigizaji, vizuri sana, ila kwa haraka, na haraka inaonekana kwenye mikono. Gurnah ndiye dhaifu kuliko wote: amebaki na suti na kabati la vitabu. Si kosa lake wala la mchoraji. Muda uliisha kabla hatujamsoma pamoja. Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise, ilitoka mwaka 2022, na hatukuipata ya kuazima. Asiyesomwa huishia kwenye suti.

Juzi nilipita pale jioni nikamkuta dereva wa bodaboda amesimama mbele ya Kitereza. Akaniuliza zile namba ni za nini. Nikamweleza. Akahesabu kwa vidole, akaacha vidole. "Miaka thelathini na tano? Na alikuwa anajua hakitachapwa?" Nikamwambia hakujua kama kitachapwa au la. Akatikisa kichwa, abiria akamwita, akaondoka.

Ndugu zangu wachoraji, mkitumwa kuchora waandishi, ombeni vitabu kabla ya picha. Nasi tunaojiita waandishi, tukiulizwa habari za wenzetu waliotutangulia, tusiwape watu tarehe tupu. Daftari langu la kaunta limefika sura ya tisa, taa ina mafuta kidogo, kwa hiyo naishia hapa nikaendelee nayo.