Hifadhi za Kidijitali na Fasihi ya Sokoni: Kutoka kwa Muyaka hadi Gikomba

Utangulizi

Katika mijadala mingi kuhusu fasihi ya Kiswahili, suala la uhifadhi wa matini limechukuliwa kuwa kazi ya wakutubi wala si ya wahakiki. Mhakiki huipokea matini ikiwa imekwisha kuhaririwa, kupigwa chapa na kuwekwa rafuni. Kazi yake huanzia hapo. Mtazamo huu ni finyu, na upungufu wake umedhihirika zaidi tangu hifadhi za kidijitali zilipoenea. Makala haya yanachunguza anuwai ya matini zilizomo katika hifadhi hizo kwa kuzitazama kutoka Gikomba, soko lililo mashariki mwa jiji la Nairobi, jirani ya Pumwani na Shauri Moyo. Hoja kuu ni kwamba wingi wa aina za matini si sawa na ukamilifu wa kumbukumbu. Hifadhi zina mengi yanayosemwa juu ya watu wa sehemu hizi, lakini zina machache mno yaliyotungwa nao. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mitambo. Ni jukumu la wahakiki wenyewe.

Anuwai ya matini na tatizo lake

Mwanafunzi anayeishi Majengo leo aweza kuketi kibandani na simu yake akafungua matini ambazo mwalimu wake, miaka thelathini iliyopita, asingeziona bila ya nauli ya kwenda London. Chuo cha SOAS kina mkusanyiko mkubwa wa hati za Kiswahili, zikiwemo zile zilizokusanywa na W. E. Taylor, William Hichens na Jan Knappert, na baadhi yake sasa husomeka kwa intaneti. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini kupotea, nazo hati zenyewe zikabaki Lamu. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta vina hifadhi za tasnifu za wanafunzi wao. Hata Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1899, limewekwa katika nakala za kidijitali za miaka mingi.

Hapana shaka kwamba haya ni mafanikio, na si haki kuyabeza. Hata hivyo, utenzi, tangazo la serikali, tasnifu na barua ya mkoloni vinapotokea vyote katika kioo kimoja cha simu, kwa umbo moja na kwa njia moja ya kutafuta, huelekea kuonekana kuwa ni matini za namna moja. Msomaji hupewa neno alilolitafuta bila ya kupewa sababu ya neno hilo kuandikwa.

Wafanyabiashara wa Gikomba wanalijua tatizo hili katika sura nyingine. Mtumba unapofunguliwa, nguo haziuzwi zote kwa bei moja. Huchambuliwa: zilizo bora kabisa huitwa kamera, na masazo yanayouzwa kwa bei ya kutupa huitwa fagia. Lakini kila mwuzaji anafahamu pia kwamba uteuzi wa kwanza haukufanyika Gikomba. Aliyeufunga mtumba ng'ambo alikwisha kuchagua kitakachoingia na kitakachoachwa. Ndivyo ilivyo katika hifadhi. Mhakiki huchambua yaliyomo, ilhali uamuzi wenye uzito zaidi ulipitishwa zamani, na mtu mwingine, kwa shabaha nyingine.

Sauti tatu juu ya mtaa mmoja

Ni vyema kulithibitisha jambo hili kwa kutazama namna matini mbalimbali zinavyosema juu ya eneo moja. Pumwani iliwekwa rasmi na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika wa Nairobi. Katika Gazeti Rasmi, sehemu kama hiyo huonekana kwa nambari za viwanja, kanuni na leseni. Sentensi zake hupendelea kauli ya kutendwa: jambo limeamriwa, eneo limetengwa. Mtendaji hafichuliwi, na mtendwa hana jina. Hii ni mbinu ya lugha, na mhakiki aliyefunzwa kusoma usimulizi anapaswa kuitambua kama anavyotambua nafsi ya msimulizi katika riwaya.

Sauti ya pili ni ya watafiti. Janet Bujra, katika makala yake ya mwaka 1975, alionyesha jinsi wanawake wa Nairobi ya awali walivyojipatia mali na kumiliki nyumba Pumwani. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, aliwapa nafasi wanawake hao waeleze kazi yao, mapato yao na nyumba walizojenga. Hapa watu wa Pumwani wana sauti. Hata hivyo, kitabuni sauti hizo husikika kwa Kiingereza cha mtafiti, zikiwa zimekatwa ili zijibu maswali ya mwanahistoria. Namna mzee wa Pumwani anavyonogesha kisa chake, anaponyamaza, anapotumia methali au fumbo, hayo hayakuwa ndiyo yaliyotafutwa.

Sauti ya tatu ni ya majalada ya siri. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, ilidhihirika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imehifadhi kwa siri huko Hanslope Park maelfu ya majalada yaliyoondolewa katika makoloni. Kuanzia mwaka 2012 majalada hayo yalianza kufunguliwa kwa wasomaji katika Hifadhi ya Taifa huko Kew. Kwa wakazi wa mashariki mwa Nairobi, ambao mitaa yao ilizingirwa na kupekuliwa katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954, tukio hili si habari ya mbali. Linaonyesha kwamba hifadhi yaweza kuwa chombo cha kusahaulisha kama inavyoweza kuwa chombo cha kukumbusha.

Funzo la hati za Muyaka

Wapo watakaosema kwamba fasihi ya sokoni, kwa kuwa ni ya mdomo na ya kupita, haiwezi kuhifadhiwa. Historia ya ushairi wa Kiswahili inapinga dai hilo. Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840, ndiye mshairi ambaye wahakiki wamezoea kumsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Tungo zake zilizungumzia vita, siasa, mapenzi, njaa na utani wa mji. Zilisemwa, zikajibiwa, zikakaririwa. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, akaziandika kwa hati za Kiarabu na kumsaidia Taylor kuzielewa. Baadaye Hichens alizihariri, na mwaka 1940 diwani ikachapishwa Johannesburg.

Safari hii inafunza mambo mawili. Kwanza, kutoka kinywani hadi karatasi, kutoka karatasi hadi kitabu, na sasa kutoka kitabu hadi picha ya kidijitali, kila hatua ni tendo la uhariri. Mhakiki asiyezifuatilia hatua hizo huhakiki kazi ya Sikujua, Taylor na Hichens huku akidhani anamhakiki Muyaka peke yake. Pili, karatasi hizo hujulikana kwa jina la Taylor. Mwenyeji aliyezijua tungo na kuzifasiri amebaki katika maelezo ya pembeni. Mkusanyaji amelimeza jina la mjuzi.

Inafaa kukumbuka kwamba Mohamed H. Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyechapisha mwaka 1979 kitabu juu ya Muyaka na ushairi wa umma wa karne ya 19, ndiye huyo huyo aliyechapisha mwaka 1997, pamoja na Ken Osinde, makala kuhusu Sheng na Engsh za vijana wa mijini Kenya. Kwa mtazamo wa juu juu, mada hizo mbili ziko mbalimbali. Kwa hakika zinahusiana: zote ni uchunguzi wa lugha inayoundwa na watu wa mji kwa mahitaji ya mji.

Kinachokosekana

Sheng haikosekani katika hifadhi. Zipo tasnifu na makala kadhaa juu yake, na mwaka 2018 Chege Githiora alichapisha kitabu kizima. Lakini sehemu kubwa ya kazi hizo ni ya kiisimu. Sheng huorodheshwa, hupimwa na kuainishwa; ni nadra kusomwa kama sanaa. Muziki wa kufokafoka wa Kalamashaka kutoka Dandora katika miaka ya 1990 uliwafundisha wengi kwamba lugha hiyo inabeba maombolezo, kejeli na falsafa ya maisha. Jarida la Kwani?, lililoanza mwaka 2003, liliipa nafasi katika maandishi ya kubuni. Mbali na mifano kama hiyo, mwito wa mwuza nguo unaobadilika kwa kadiri ya mteja, majibizano ya utani baina ya vibanda, maandishi ya matatu na kasida za shughuli za Pumwani havijapata Sikujua wake.

Hatari ya kupotea si ya kinadharia. Gikomba imeungua mara nyingi. Katika moto wa Juni 2018 watu 15 walipoteza maisha, na riziki ya wengi ikateketea. Baada ya moto, kibanda hujengwa tena. Watu waliokikalia, pamoja na mazungumzo yao, huenda wasirudi.

Kuna wanaoshikilia kwamba Sheng inaharibu Kiswahili, na kwamba kuihifadhi ni kuipa hadhi isiyostahili. Hoja hii inachanganya kuhifadhi na kusifu. Anayetaka kuihukumu fasihi ya Gikomba anahitaji matini zake zaidi ya anayetaka kuitetea, kwani hukumu ya haki haitolewi mshtakiwa akiwa hayupo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la haki ya mtunzi. Mwito wa sokoni una mwenyewe. Kuurekodi bila ya idhini yake, kisha kuuweka chini ya jina la mtafiti, ni kurudia kosa lililotendwa kwa Sikujua.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba anuwai ya matini katika hifadhi za kidijitali ni matokeo ya chaguzi za watu mbalimbali, na kwamba chaguzi hizo zimewaacha watunzi wa Gikomba wakiwa wanaosemwa badala ya kuwa wasemaji. Idara za Kiswahili zina uwezo wa kulirekebisha hili. Kila tasnifu inayohusu fasihi ya mitaa ya Nairobi na iambatane na rekodi za sauti na manukuu yake kamili, yakiwekwa katika hifadhi ya chuo kwa idhini ya watunzi na kwa majina watakayoyachagua wenyewe. Maelezo ya kuzitafutia yaandikwe kwa Kiswahili, ili mwenye kibanda Gikomba aweze kuisikiliza sauti yake na kuikosoa pale ilipoandikwa vibaya. Bila ya hatua hiyo, mhakiki wa kesho atakayetaka kuijua fasihi ya soko hili atalazimika kuitafuta katika nambari za viwanja za Gazeti Rasmi.