Kumvunja Farasi au Kumfunza? Maoni juu ya Mswada wa Tafsiri

Mswada wa tafsiri ya mwongozo wa kufundisha farasi umeletwa Barazani ukiwa na orodha ya istilahi mwishoni, na mfasiri ameomba orodha hiyo ithibitishwe. Tumeusoma mswada wote badala ya kuikagua orodha peke yake, kwa kuwa istilahi haihukumiwi ikiwa imesimama kwenye foleni pamoja na wenziwe. Huhukumiwa ikiwa kazini, ndani ya sentensi. Yafaa tuseme mapema kwamba Kiswahili cha mfasiri huyu ni safi na kinasomeka. Sura za malisho, maji, kwato na usafi wa zizi hatukuzigusa ila kwa nukta chache. Kasoro inaanza pale farasi anapotolewa zizini.

Huenda msomaji akauliza mwongozo wa namna hii una faida gani kwetu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya nchi zetu haikuwa makao ya farasi. Mbung'o walimzuia, na maradhi mengine yanayoenezwa na visubi yalimmaliza pale mbung'o wasipofika. Lakini katika nyanda za juu za Kenya farasi wapo, Nairobi kuna uwanja wa mashindano uliofunguliwa kwenye barabara ya Ngong mwaka 1954, na upande wa Arusha wageni hutembezwa mbugani juu ya farasi. Popote hapo, mwenye farasi huja kupanda saa yake akaondoka. Anayemtoa mnyama zizini alfajiri, akamfunga kamba, akamzungusha uwanjani na kumrudisha jasho likiwa limekauka ni saisi, na saisi huyo aghalabu anasema na kusoma Kiswahili. Vitabu vya kazi yake vimeandikwa kwa lugha nyingine. Kwa hiyo mswada huu una msomaji wake halisi, na neno likikosewa, atakayeumia kwanza ni yeye au mnyama aliyemshika.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Katika mswada, kumfundisha farasi asiyewahi kupandwa kunaitwa "kumvunja farasi", na sura ya pili ina kichwa cha maneno "Umri wa kuvunjwa". Tulimsomea sehemu hiyo saisi mmoja mtu mzima, mwenye miaka mingi katika kazi hii. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Amevunjwa mguu gani?" Hakuwa akifanya mzaha. Kiswahili kina kufunza, kuzoeza, kufuga na kutiisha, na kila moja lina kiasi chake cha nguvu ndani yake; mfasiri alikuwa na uwanja mpana wa kuchagua. Tena hata katika lugha ya asili walimu wengi wa siku hizi wanaliepuka neno hilo la kuvunja, kwa sababu linabeba mawazo ya zamani kwamba farasi hafai mpaka moyo wake uvunjwe. Mfasiri amelichukua neno ambalo wenyewe wanalitupa. Tunapendekeza "kumfunza farasi" kwa kazi yote, na "kumzoeza tandiko" kwa siku zile za kwanza anapowekewa mzigo mgongoni.

Jambo la pili ndilo zito kuliko yote, nasi tunaomba msomaji atuvumilie tukilieleza kwa urefu. Mafunzo ya farasi, yawe ya mwalimu akiwa amesimama chini au akiwa mgongoni, yamejengwa juu ya tendo moja lenye pande mbili. Mtu humkaza farasi kidogo, kwa kamba, kwa kigwe au kwa mguu. Farasi akijibu, hata kwa kuhamisha uzito tu, papo hapo mtu hulegeza. Farasi hajifunzi kutokana na ule mkazo. Hujifunza kutokana na kule kulegezwa, kwa kuwa ndiko kunakomwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi. Mkono ukichelewa kulegea, mnyama atakuwa amekwisha kufanya jambo jingine, na hilo jingine ndilo atakalolishika. Mkono usiolegea kabisa humfundisha kwamba jibu halina maana. Ataacha kujibu, nasi tutasema ana kinywa kigumu. Ikumbukwe kwamba mnyama huyu ana ngozi inayomsikia nzi akitua, ikatikisika mahali pale pale alipotua. Hana haja ya teke ili ajue mguu wa mtu uko wapi.

Sasa tutazame mswada unasemaje: "Weka shinikizo mpaka farasi atii, kisha acha." Sentensi hii ni fupi na haina kosa la sarufi, lakini maneno yake mawili makubwa yanaharibu kazi. "Shinikizo" linakumbusha kushindika mafuta, na ufuta hauachiwi mpaka umekuwa mashudu. Kisha "acha": aache nini? Msomaji anaweza kuelewa kwamba somo limekwisha, amrudishe farasi zizini. Mahali pengine mfasiri ameandika "achia kamba", na hapo hatari ni ya wazi kabisa, maana kuachia kamba ni kuitoa mkononi, na farasi mchanga aliyeachiwa kamba uwanjani huondoka nayo. Neno linalotakiwa ni kulegeza. Anayelegeza bado ameshika. Kamba imo kiganjani, ila imepoa. Kati ya kuacha, kuachia na kulegeza kuna tofauti ambayo mtoto yeyote wa pwani aliyeshika kamba ya jahazi anaijua, na lugha yetu imeihifadhi tayari bila msaada wa Baraza lolote. Tumependekeza jozi ya "mkazo" na "mlegezo", zenye vitenzi kukaza na kulegeza, na tumemwomba mfasiri asiitaje ya kwanza popote bila kuitaja ya pili karibu yake. Katika mswada, shinikizo limetokea kila ukurasa. Kulegeza hakumo hata mara moja. Hivyo kitabu kilichoandikwa ili kufundisha upole kimegeuka, kwa njia ya msamiati tu, kuwa kitabu cha mabavu.

Wala upole huu si uvumbuzi wa jana. Xenophon, askari na mwandishi wa Athens, aliandika juu ya kupanda farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akaonya kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira, na kwamba linalofanywa kwa kulazimishwa mnyama hulifanya bila kulielewa. Mfasiri wa fikra hizo hana budi kuwa na maneno yanayozimudu.

Labda chanzo cha kosa ni mazoea yetu wenyewe. Mtumishi wa serikali amelisikia neno "hatamu" mara elfu katika "kushika hatamu za uongozi", wala hajawahi kusikia zikilegezwa.

Saisi wetu yeye hatumii mkazo wala shinikizo. Tulipomwuliza anamwelezaje kijana anayeanza kazi, alijibu: "Mwombe. Akikupa, na wewe mpe." Tumelijadili jibu hili ofisini kwa siku mbili. Kama istilahi za kuorodheshwa, kuomba na kupa ni maneno mapana mno. Lakini kama maelezo ya kazi hatukupata yaliyo bora, na tumemshauri mfasiri ayatumie katika utangulizi wa sura ya nne.

Sura hiyo ya nne inahusu mafunzo anayopewa farasi kabla mtu hajampanda, na hata baada ya kupandwa, mwalimu akiwa kwa miguu yake: kuongozwa, kusimama, kurudi nyuma, kusogeza nyonga, kuzunguka kwa kamba ndefu. Mfasiri ameyaita "kazi ya ardhini", na mtu wa Wizara ya Kilimo angefungua sura hiyo kwa hamu kubwa. Sisi tulifikiria "mafunzo ya chini" yakikabiliana na "mafunzo ya juu", tukayaacha mara moja, kwa kuwa elimu ya juu ni jambo jingine na "ya chini" inaonekana ni ya watu duni. Mwishowe tumependekeza "mafunzo ya kamba" na "mafunzo ya mgongoni". Tunajua kwamba wapo walimu wanaomfunza farasi akiwa huru uwanjani bila kamba yoyote, na mtu mbishi atatuuliza kamba iko wapi. Iko katika siku zilizotangulia, tutamjibu.

Tukipanda mgongoni tunakutana na "kiti". Katika mswada "kiti cha mpandaji" kinatajwa kama sharti la kwanza la upandaji mzuri: kiti kiwe kirefu, kiti kiwe chepesi, kiti kijitegemee. Msomaji atadhani ni tandiko, naye atakwenda dukani kutafuta refu. Kinachosemwa ni namna mtu anavyokaa: uzito wake ukishuka sawasawa pande zote mbili za uti wa mgongo wa farasi, nyonga zikifuata mwendo, na mikono isihitaji kung'ang'ania kigwe ili mwili usianguke. "Kikao" hakifai, kwani hicho kina mwenyekiti na ajenda. Tunapendekeza "mkao". Ukisema "mkao unaojitegemea", maana inapatikana mara moja, na ndiyo maana ya asili hasa: mpandaji asiyejitegemea kwa kiuno chake hujitegemeza kwenye kinywa cha mnyama, akaning'inia kwenye lijamu. Katika shule ya kale ya upandaji ya Vienna mwanafunzi huanza kwa miezi mingi juu ya farasi anayezungushwa kwa kamba ndefu, bila vikuku vya miguu na bila kigwe mkononi, mpaka mkao wake utulie. Hakabidhiwi kinywa cha farasi kabla ya hapo. Mfasiri akiwa na neno mkao, habari hii inajieleza. Akiwa na kiti, inakuwa kitendawili.

Jamaa ya kosa hilo ni "misaada". Njia ambazo mpandaji huzitumia kumweleza farasi anachotaka, yaani mguu, uzito, kigwe na sauti, zimeitwa misaada ya miguu, misaada ya mikono na kadhalika. Kwa masikio ya leo msaada hushushwa bandarini na kupigwa picha. "Ishara" inatosha.

Kwa upande mwingine tunapenda kumsifu mfasiri kwa "mgusano", alilolitumia kwa ule uhusiano mwepesi usiokatika kati ya mkono wa mtu na kinywa cha farasi. Wengine wangeandika mshiko. Yeye ameona kwamba jambo lenyewe ni la pande mbili, akalitafutia neno lenye kutendana ndani yake, na katika mswada wote hakuna neno lililoundwa vizuri kuliko hilo.

Mwendo wa farasi nao umetusumbua. Mfasiri ameandika "troti", "kanta" na "galopu", kana kwamba Kiswahili hakijawahi kumwona mnyama mwenye kwato akikimbia. Lakini kamusi zetu zina matiti, ambayo ni mbio zile za pigo mbili, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili vikitua pamoja. Tena zina shoti, mbio zenyewe za kasi. Tunafahamu kwa nini mwalimu atasita kutamka la kwanza mbele ya darasa la vijana, na la pili leo limehamia kwa fundi umeme. Hiyo si sababu ya kuyatupa. Neno "mbio" likitangulia, yaani mbio za matiti na mbio za shoti, hakuna atakayepotea. Iko pia telki, mwendo wa haraka na mororo wa punda mzuri, ambao wapanda punda wa Unguja na Lamu waliuthamini. Tunaomba telki isipachikwe kwenye pigo mbili kwa kuwa tu iko karibu. Ihifadhiwe kwa farasi wenye mwendo wa namna yake, kama wale wa Iceland. Kwa "kanta", mbio za pigo tatu zilizo chini ya shoti, hatukupata neno. "Shoti fupi" ina kasoro, kwa kuwa shoti ina pigo nne na haipungui pigo kwa kufupishwa. Tumeiacha kanta kwa muda, bila furaha.

Yaliyobaki tutayapitia upesi. "Upande wa karibu" na "upande wa mbali" vifutwe, iandikwe kushoto na kulia. Upande wa kushoto uliitwa wa karibu kwa desturi ya kumpandia farasi huko, lakini kwa saisi aliyesimama kulia, wa karibu ni wa kulia. "Farasi wa kijani" awe farasi mbichi, kama tusemavyo juu ya kijana asiyeijua kazi. "Mkusanyo" una harufu ya kodi. Iandikwe kujikusanya, kwani ni farasi mwenyewe anayekunja miguu ya nyuma na kuiingiza chini ya mwili ili ibebe uzito zaidi, na hakuna mtu awezaye kumkusanya kwa kuvuta kichwa chake. Lile tendo la nukta moja la kumtanabahisha farasi kabla ya badiliko, ambalo mfasiri amelipa jina la "nusu kusimama", tunaliita "mzinduo". Na "mguu wa nje urudishwe nyuma" ni agizo lisilo na mwenyewe: mguu wa mtu au wa farasi? Kila mahali iandikwe ni wa nani.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri pamoja na maneno 43 yaliyotiwa alama. Msomaji yeyote mwenye neno la zile mbio za pigo tatu, hasa aliyelisikia Lamu, Unguja au kwa jamaa zetu wa Oman, ambako farasi na Kiswahili vimekaa nyumba moja, atuandikie, nalo litajadiliwa katika kikao kijacho cha kamati.