"Kompyuta Imeanguka": Kasoro ya Kitenzi Kimoja

Neno la Kiingereza "crash", litumikapo kuhusu kompyuta, limekuwa likifasiriwa na wengi kwa kitenzi "kuanguka". Tunavyoona sisi, tafsiri hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ndogo: mtu aambiwaye kwamba kompyuta ya mezani imeanguka huuliza kwanza kama kioo kimevunjika. Hiyo ingeweza kuisha kwa mazoea, kama tulivyozoea kusema kwamba bei zimeanguka au serikali imeanguka. Kasoro ya pili ndiyo nzito, kwani mazoea hayataiondoa bali yataizidisha: kitenzi hiki kimekusanya mahali pamoja hitilafu zenye vyanzo mbalimbali, ambazo Kiswahili cha kila siku kilikwisha kuzitenganisha kabla wanaistilahi hatujakaa kikao.

Tuchukue kompyuta ya nyumbani inayosumbua kila baada ya siku mbili tatu. Mwenyewe akimwambia fundi kuwa "imezimika", kauli ya kutendeka yaelekeza nje ya mashine au kwenye njia ya umeme: soketi ya ukutani, waya uliolegea, pawa saplai iliyochoka. Akisema "imejizima", kiambishi "-ji-" chadokeza kwamba mashine yenyewe imetenda. Na kweli prosesa hujipunguzia kasi ipatapo joto kupita kiasi, kisha huizima kompyuta ili isiungue, kikomo kikiwa karibu na nyuzi 100 za Selsiasi kwa prosesa nyingi za mezani. Hapo fundi huanza na vumbi na feni. Akisema "imeganda", picha ingali kwenye kioo lakini kipanya hakisogei, na hapo hushukiwa kumbukumbu, diski, au programu. Akisema "programu imejifunga", mashine yenyewe ingali hai, na hakuna haja ya kuanza kwa kufungua kasha lake. Hatudai kwamba kila msemaji huchagua kauli kwa uangalifu huo. Twadai tu kwamba lugha imempa vitenzi hivyo vyote, na mwongozo unaoandika "kuanguka" umempokonya.

Yamkini msomaji atasema kwamba mashine yenyewe huweka taarifa zake, kwa hiyo maneno ya mwenye nyumba si kitu. Hali ni kinyume. Windows hutunza daftari la matukio, na humo tukio namba 41 husema jambo moja tu: kwamba kompyuta imewaka upya bila ya kuzimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika, huandikwa 41. Mashine ikiganda hata mtu akalazimika kuizima kwa kushikilia kitufe, huandikwa 41 vilevile. Pasipo taarifa nyingine, shahidi aliyebaki ni yule aliyekuwa ameketi mbele ya kioo, na ushahidi wake ni kitenzi. Akiwa amefundishwa kusema "imeanguka" tu, fundi hana pa kuanzia isipokuwa kubahatisha. Hununuliwa kumbukumbu mpya ilhali kosa ni la pawa saplai, na baada ya juma moja hitilafu ileile hurudi, safari hii ikiwa na faili lililoharibika katikati ya kuandikwa.

Liko jambo jingine katika fungu hilihili. Windows ikikutana na kosa isiloweza kulivuka, husimama na kuonyesha maandishi yenye msimbo wa kosa. Wengi wameyaita maandishi hayo "kioo cha buluu". Mwaka 2025 Microsoft ilianza kukibadili kioo hicho katika Windows 11 kikawa cheusi, na jina likabaki bila ya kitu chake. Tulikuwa tukiwaambia wafasiri kwamba istilahi ijengwe juu ya kazi ya kitu wala si juu ya sura yake. Sasa mfano umekuja wenyewe. Tunapendekeza "tangazo la kusimama". Aidha mwongozo umweleze msomaji kwamba mara nyingi kompyuta hujiwasha upya mara tu baada ya tangazo hilo, kabla halijasomeka, na kwamba mpangilio huo waweza kuondolewa. Kwa hiyo "imejiwasha upya" nayo ni dalili ya pekee, wala haifai kuchanganywa na "imezimika".

Neno "kiendeshi" tumelikuta likibeba mzigo wa dhana mbili: chombo cha kusomea diski, na programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na chombo fulani. Msomaji aagizwaye arudishe kiendeshi cha zamani baada ya hitilafu, huenda akafungua kasha na kuchomoa diski yenye kazi zake zote. Kwa dhana ya pili twapendelea "programu-endeshi", ijapokuwa ni ndefu.

Kwa kichwa cha jumla cha sura, "hitilafu za ghafla" latosha. Kuhusu "kuganda", liko neno shindani, "kukwama", ambalo lasikika sana ofisini. Lakini karatasi nayo hukwama ndani ya mashine ya kuchapia, na mara nyingi mashine hizo mbili huwa juu ya meza moja. Kwa sababu hiyo tumelichagua "kuganda".